Msimu wa Mwisho

Usiku wa kuchambua, nyumbani kwa Zuwena, Mtambwe.
Rundo la karafuu mbichi kati ya jamvi, sisi tumelizunguka,
vidole vinatenga karafuu na konyo bila ya kutazama
maana macho yote yako kwenye kishikwambi cha Ngwali
kilichoegemezwa pishi. Kioo kina ufa,
na ufa unampita Inspekta Lukindo shavuni kama kovu.

Misimu minne tumechambua naye.
Tunajua anavyokunja mikono ya shati kabla hajauliza,
anavyoiacha chai ipoe mbele ya mshukiwa.
Alipogundua, msimu wa pili, kwamba viatu vya marehemu
vilifungwa na mtu wa mkono wa kushoto,
Zuwena alipiga kigelegele, mtoto akaamka.

Na leo ndiyo mwisho.
Muuaji, loh, ni dereva wa lori
ambaye hatujapata kumwona hata kisogo,
kaletwa dakika kumi kabla ya majina kupanda.
Lukindo akavua beji, akaiweka mezani,
akatoka kwenye mvua.
Giza. Tukabaki kujiona nyuso zetu kiooni.

"Ndiyo nini hii?" Ngwali, utadhani kaibiwa yeye.
"Yule wa mkono wa kushoto kenda wapi?
Mjane alichoma barua, barua ya nani?
Miaka minne wanatulisha makonyo,
karafuu yenyewe hawakuileta!"

"Wamechoka," Zuwena akasema.
"Mkarafuu ukizaa hata matawi yakavunjika,
mwakani haukupi kitu. Huukati. Unaungoja.
Watarudi hawa, msimu wa tano."

"Warudi na nani? Beji kesha ivua."

"Beji huvaliwa tena. Hukumwona
alivyoifuta kwa kidole kabla hajaiweka?
Mtu hafuti kitu alichokichoka."

Hapo mzee Shaame akakohoa.
"Mie nimeipenda."
Tukamgeukia sote, hata mtoto.
"Miaka thelathini na moja nimevaa kaki,
Konde, Wete, Chake. Sikupata mtu
wa kunikiria kosa huku mvua inanyesha.
Mwizi ni mtu usiyemjua sura, hupita, basi.
Faili unalifunga kamba, unatia tarehe,
unaliweka rafuni. Huo ndio mwisho wa kweli."

Bi Kaije hakuwa amesema neno tangu isha.
Wala sasa hakuinua uso.
"Langu lipo rafu ya ngapi, Shaame?"

Sote tunaijua ile habari, hakuna anayeitaja.
Magunia matatu, mwaka wa bei nzuri,
yamekauka, yanangoja kupelekwa kupimwa.
Asubuhi ukumbi mtupu,
na jamvi limekunjwa, limesimamishwa ukutani.

"Nilikwambia: mwizi gani hukunja jamvi?
Hukuliandika hilo."

"Niliandika."

"Uliandika *watu wasiojulikana*."

Vidole vikaendelea, kt, kt, kt.
Shaame akatupa konyo kwenye karafuu.
Kaije akaliokota, akalirudisha kwa wenziwe.

Ngwali, masikini, akajitia kutafuta mtandao,
ati apate habari kama kuna msimu mwingine.
Akakipandisha kishikwambi mpaka usawa wa boriti,
akapata alama moja, ikapotea.

"Wakiuleta uniite," Kaije akamwambia.
"Hata kama nimelala, niamshe.
Mie yule dereva simwamini."

Tukacheka kidogo, si sana.
Rundo likapungua, taa ikaanza kuvutwa na wadudu,
Zuwena akamlaza mtoto.
Mie nilikuwa nakung'uta nguo nijiondokee
nikamsikia Shaame, kwa sauti ya chini,
sauti ambayo nadhani ndiyo aliyokuwa nayo kazini:

"Lile jamvi, Kaije.
Lilikunjwa mara mbili, au mara tatu?"

Bi Kaije akaufuta mkono, akashika pembe ya kanga yake,
akaanza kumwonesha.